Kubebana Kwenye Meza ya Nne

Kwa miaka kumi na mitatu nilisimama kwenye meza moja, meza ya nne, katika chumba cha greding cha shamba la maua huko Naivasha. Tulikuwa wanawake sita. Kazi yetu ilikuwa kupokea waridi kutoka shambani, kuondoa majani ya chini, kupima urefu wa shina kwenye ubao, kukagua kichwa cha ua kama kina doa la ukungu, kisha kufunga mashina ishirini kwa rababendi na kuyavika karatasi ngumu. Hilo ndilo bunchi. Juu ya kila bunchi mtu alibandika stika yenye namba yake, na jioni stika ndizo zilizosema nani amefikisha tageti, idadi aliyopangiwa kwa siku, na nani hakufikisha.

Ninaandika kwa ajili ya mmoja wa wale sita. Tulimwita Kogo, ambalo kwao Keringet ni neno la kumwita nyanya. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi michache astaafu, na sisi wengine tulikuwa tumekubaliana, bila hata kukaa chini kuzungumza, kwamba atafika siku hiyo akiwa bado amesimama pale mezani. Hakufika. Aliyeharibu ni mdogo wangu, na kabla yake ni mimi.

Jicho la kulia la Kogo lilikuwa na wingu jeupe, na la kushoto lilikuwa linafuata. Urefu wa shina haukumsumbua. Aliliweka juu ya mkono, kutoka begani hadi ncha ya kidole, na hakukosea. Ukungu aliunusa kabla sisi hatujauona. Lakini doa dogo kwenye petali, lile ambalo mkaguzi hulirudishia bunchi zima, hakuliona tena. Kwa hiyo alikuwa anatoa majani na kupima, halafu anasukuma maua yake kidogo upande wangu. Mimi au mwenzangu wa kushoto, mama mmoja wa Gilgil mwenye mdomo usiotulia, tunakagua vichwa, tunafunga, tunabandika stika ya Kogo. Siku akichoka tunamfungia na mabunchi ya kwetu. Jambo hili tuliliita kubebana. Kila meza ililijua. Mwenye mtoto mgonjwa alibebwa, mjamzito wa miezi minane alibebwa. Masharti yalikuwa mawili tu: usibebwe kwa uvivu, na usiliseme nje ya meza.

Mama yetu alikuwa amesimama kwenye meza hiyo hiyo. Alipougua, nikiwa kidato cha pili, aliendelea kufika kazini kila asubuhi, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaegemea mguu wa meza. Kogo na wenzake walifunga mabunchi yake kwa karibu miezi mitatu. Namba ya mama iliendelea kupanda ndege kwenda ng'ambo wakati yeye hawezi kuinua mkasi. Alikaa nyumbani siku nne tu, ya tano tukamzika. Baba alikuwa ametangulia siku nyingi. Tulibaki watatu: mimi, kaka yangu anayenifuata, na kitindamimba wetu, msichana wa miaka mitano. Nikaacha shule. Nilifua nguo za watu mpaka nilipopata kitambulisho, na siku niliyokipata, Kogo alinishika mkono akanipeleka kwa supavaiza. "Huyu ni wa meza yetu," alisema. Hakueleza zaidi.

Kaka yangu alikwenda kuendesha bodaboda Gilgil. Yule mdogo alisoma. Alikuwa na kichwa, na mimi nilikuwa na miguu ya kusimama, hivyo tukaenda hivyo mpaka akaingia chuo Nakuru kusomea biashara. Siku ya matokeo meza ya nne ilimnunulia viatu. Kogo alimshika uso kwa mikono yote miwili, akauchunguza kwa vidole kama anavyochunguza ua, akasema, "Gredi ya kwanza hii." Tulicheka mpaka mkaguzi akaja kuuliza kuna nini.

Mdogo wangu alipokuwa mwaka wa tatu, kampuni ikatangaza kwamba italeta mashine. Ua litapita kwenye mkanda, kamera italipiga picha, mashine itapima na kupanga yenyewe, na watu watabaki kufunga. Wasiwasi ukaingia. Meneja, kijana mpole aliyepokea kazi mwaka uliotangulia, alituita kantini akatuambia tusiogope, kuna wanafunzi wa biashara watakuja na mwalimu wao kwa wiki tatu, kazi yao ni kuisaidia kampuni kupita kwenye mabadiliko bila kuumiza watu.

"Hao watoto watatufundisha kufunga rababendi?" mama wa Gilgil aliuliza kwa sauti, na kantini nzima ikaangua kicheko. Meneja naye akacheka.

"Hapana, mama. Watawasikiliza."

"Haya, waje. Ata mume wangu hajawai kunisikiliza wiki tatu."

Katika wale wanafunzi sita, mmoja alikuwa mdogo wangu. Sikuamini alipoingia na koti jeupe na kofia ya wavu, kalamu mfukoni, akapita kati ya meza kama mgeni wa kampuni. Mama wa Gilgil alinipiga teke chini ya meza. "Ona kasichana ketu," alinong'ona. "Kesho katatuandikia barua ya onyo." Kogo aliuliza ni yupi. Nilimwambia. Akageuza uso kuelekea hatua za mwanafunzi mwingine, akatabasamu upande usio sahihi.

Wanafunzi walibandika karatasi kubwa ukutani na kutugawia vijikaratasi vya rangi. Cha manjano uandike unachoogopa, cha kijani uandike unachopenda katika kazi ya sasa, kisichofaa kupotea. Usiandike jina. Kwa siku tatu ukuta ulibaki mweupe. Mtu mmoja aliandika kwamba anapenda chai ya saa nne. Mwingine alichora ua.

Jioni ya siku ya tatu mdogo wangu alikuja chumbani kwangu, tukawa tunachambua sukuma wiki. Alikuwa amevunjika moyo.

"Dada, mbona hawasemi? Mwalimu anasema tusipopata kitu cha maana, meneja ataleta mashine vile anavyotaka na sisi tutakuwa tumekuja kupiga picha."

"Wanaogopa."

"Sisi hatuandiki majina. Waambie. Wewe wanakuamini."

Nilikata majani yangu. Nilitaka afaulu. Pia niliamini, Mungu anisamehe, kwamba mtu aliyesoma akijua jinsi tunavyofanya kazi, atapata njia ya kutufichia mahali ndani ya hiyo mashine. Kesho yake wakati wa chai nikawaambia wenzangu, "Semeni naye. Ni wetu." Mama wa Gilgil aliweka kikombe chini.

"Yote?"

"Yote."

Kogo alikuwa anapuliza chai yake. "Mtoto wa meza," alisema, "nitamwambia mimi mwenyewe." Akamwambia. Walikaa nyuma ya mapipa ya maji alasiri nzima, mdogo wangu akiandika, Kogo akimwonyesha kwenye mkono wake shina la sentimita sitini linaishia wapi. Nilipita mara mbili nikawaona wanacheka.

Sikumuuliza aliandika nini. Niliona si kazi yangu kumuuliza msomi.

Siku ya mwisho waliwasilisha ripoti kantini. Kwenye viti vya mbele walikaa meneja, mwalimu wao na wageni wawili kutoka Nairobi. Nyuma tukakaa wawakilishi, mmoja kutoka kila meza. Mdogo wangu alisimama kwenye mwanga wa projekta. Alizungumza vizuri. Sijui kama niliwahi kumsikia akizungumza vizuri namna ile. Alisema mashine si adui, alisema watu hawakatai mabadiliko, wanakataa kupotezwa. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kisha ukuta ukaonyesha maneno makubwa: Nguvu Yetu ni Kubebana.

Neno la mezani likawa ukutani.

"Tulijifunza jambo zuri sana," alisema. "Hapa wafanyakazi hawafanyi kazi peke yao. Mmoja akiwa dhaifu, wenzake wanamkamilishia mabunchi, na yanatoka kwa namba yake. Kwenye meza ya nne, kuna mfanyakazi ambaye macho yamepungua nguvu. Wenzake wamembeba kwa miaka miwili, na ubora haujashuka hata kidogo. Tunapendekeza kampuni isiipoteze roho hii. Tageti iwe ya meza nzima, isiwe ya mtu mmoja."

Akanitafuta kwa macho kule nyuma. Alikuwa ananiletea zawadi, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Watu wakapiga makofi. Meneja alipiga makofi pia, halafu mkono mmoja ukabaki hewani.

"Samahani," alisema. "Umesema miaka miwili?"

"Ndiyo, miaka miwili," alijibu kwa furaha.

Mmoja wa wageni wa Nairobi aliandika kitu kwenye daftari lake.

Kesho yake asubuhi supavaiza alikuja akasimama kwenye meza ya nne, kati yangu na Kogo. Hakugomba. Alisema tu, "Leo kila mtu maua yake." Akasimama hapo, mikono nyuma. Kogo alielewa kabla yetu. Alivuta maua yake karibu na kifua, akaanza. Alitoa majani, akapima kwa mkono, akafunga, akabandika. Mkaguzi alirudisha bunchi la kwanza. Akarudisha la tatu na la nne. Kila lililorudishwa liliwekwa mbele yake, naye alilipapasa akitafuta kosa asiloweza kuliona. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Lile doa nililiona mimi, mama wa Gilgil aliliona, hata supavaiza aliliona. Hakuna aliyesema. Mama wa Gilgil, ambaye sijawahi kumwona kimya kwa dakika tano, alifanya kazi asubuhi nzima machozi yakimtiririkia kwenye barakoa.

Karibu na saa sita, mabunchi yaliyorudishwa yalikuwa yamejaa mbele ya Kogo hata hakuwa na mahali pa kuweka mkono. Akavua glavu. Akazilaza moja juu ya nyingine.

"Inatosha, mwanangu," alimwambia supavaiza. "Miguu yako itauma bure."

Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaniwekea mikononi. Alitembea kuelekea mlangoni akihesabu meza kwa kuzigusa pembe.

Nilikwenda kwa meneja bila kuitwa. Nilimwambia stika nilibandika mimi, anipe mimi barua.

"Keti, mama," alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo. "Bunchi likifika ng'ambo na ugonjwa, mteja anasoma namba. Ananiuliza huyu mtu nani, alifundishwa lini, alikagua nini. Mimi nitamwambia nini? Kwamba sijui ni mkono wa nani?"

"Hakuna hata moja lililorudi kutoka ng'ambo."

"Najua. Nimeangalia. Ndiyo maana hatumfukuzi. Atapumzishwa kwa sababu ya afya." Akafunga faili. "Ile ripoti ilikuwa nzuri sana. Yule msichana ni ndugu yako, sivyo? Usijiharibie, usimharibie."

Niliandikiwa onyo moja, likawekwa kwenye faili. Kogo alirudi Keringet wiki hiyo hiyo, kwenye shamba la kaka yake, ambako wajukuu wake walikuwa wakimtegemea kwa alichotuma, na sasa hakuwa na cha kutuma. Mashine ikaja miezi miwili baadaye. Tageti haikuwa ya meza nzima, kwa kuwa hakuna tena meza. Unaweka kidole asubuhi, mashine inajua ni wewe, na maua yanakufikia peke yako.

Mdogo wangu alikuja Jumapili baada ya Kogo kuondoka. Alikuwa amesikia kutoka kwa mama wa Gilgil, ambaye hakumficha kitu.

"Sikuandika jina," alisema akiwa bado mlangoni.

"Meza ya nne ina watu sita. Asiyeona ni mmoja."

"Niliwasifu! Dada, niliwasifu mbele ya watu wote!"

"Ulisifu kitu cha siri."

"Nani aliniambia ni siri? Wewe? Uliniambia wakati gani?" Alikuwa analia kwa hasira. "Mmeniambia hadithi ya watu wanaosaidiana, mnacheka, Kogo anacheka. Mimi nilijuaje? Nilidhani ni kitu kizuri."

"Ni kitu kizuri."

Ndipo nikamweleza habari za ndoo. Nilimweleza kuhusu mama kuegemea mguu wa meza, na namba iliyoendelea kutoka bila mkono wake, na uji aliokunywa yeye mwenyewe miezi ile mitatu akiwa na miaka mitano, ulitoka wapi. Alinisikiliza akiwa amesimama. Alipokaa, alikaa sakafuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa nimemlea nikitaka ajue kwamba mama alifanya kazi hadi mwisho, kama wanavyosema kwenye mazishi. Sikutaka abebe aibu ya ndoo. Nilimficha kile kitu kimoja ambacho angekijua, asingekitamka kantini. Yeye alikosea kwa kusema. Mimi nilikuwa nimekosea kwa kunyamaza miaka kumi na mitano, nikaona kunyamaza ndiyo nguvu.

Alisema anaacha chuo. Ripoti yao ilikuwa imepata alama za juu kuliko zote, na alisema hawezi kukaa darasani na alama hizo. Nilimwambia Jumatatu atarudi.

"Nitarudi kufanya nini? Kujifunza kuharibu watu wengine?"

"Utarudi," nilimwambia. "Kogo alikufungia uji. Huwezi kuumwaga."

Alirudi.

Tulikwenda Keringet wote wawili mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, tukiwa na sukari, mkate na shuka nzito. Tulimkuta Kogo mbele ya jiko, amejifunga leso kichwani, beseni la minji mapajani. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa kabisa. Alinitambua kwa salamu, akamtambua mdogo wangu kwa kunyamaza kwake.

"Njoo hapa, gredi ya kwanza," alisema.

Mdogo wangu alipiga magoti. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, nilimsikia akiyarudia kwa kunong'ona. Alisema mawili tu: "Nisamehe, Kogo." Kogo alimshika uso, akampapasa mashavu, akayakuta yamelowa, akayafuta kwa kidole gumba kama mtu anayeondoa tope kwenye jani.

"Ulikuwa unasema ukweli," alisema. "Mimi ndiye niliyekuambia."

"Lakini umerudi hapa kwa sababu yangu."

"Ndiyo," Kogo alisema. Hakulipunguza jambo. "Nilitaka kumaliza. Ule mwaka mmoja niliutaka." Kisha akaachilia uso wake, akapapasa sakafuni mpaka akapata mabeseni mawili zaidi. "Chambueni. Watoto watarudi kutoka shule na njaa."

Tukachambua minji. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye shamba la viazi, na ng'ombe alisikika bila kuonekana. Mikono ya Kogo ilikwenda taratibu. Alipasua ganda, akapitisha kidole, akaangusha punje, na kila baada ya muda alisimama kuhakikisha haikubaki hata moja. Beseni lake lilikuwa halijafika nusu wakati yetu yamejaa. Mdogo wangu aliniangalia. Akachota minji yake kwa viganja viwili, akainama, akaimimina kwenye beseni la Kogo polepole, punje zisilie.

Mikono ya Kogo ikatulia.

"Usinibebe," alisema. "Hapa hakuna anayeangalia ni za nani."

Mdogo wangu alibaki na viganja wazi. Kogo alichota kiasi kile kile, kwa kukadiria, akakitafuta kiganja chake hewani akamrudishia. Hakukuwa na ukali ndani yake. Aliendelea kupasua maganda yake, moja moja, na sisi tukaendelea na yetu, mpaka watoto walipopiga kelele langoni na akaniambia nikoleze moto.